Nyumba Moja, Wenyewe Arobaini

Matangazo ya nyumba za kale za Lamu hufanana. Ukuta mweupe wa chokaa, safu za zidaka, kibwawa cha kuogelea uani, na juu darini mito na mikeka inayotazama mkondo wa bahari kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda. Bei huandikwa kwa dola au yuro. Chini ya bei dalali huongeza kwamba hati ni safi, na kwa wengi wanaonunua kutoka Milano, London au Dubai maswali ya sheria huishia hapo. Yanayobaki ni ya mandhari, fundi na fanicha. Naona mpangilio huo wa maswali ndio unaowatia watu hasarani. Anayenunua nyumba ya kale katika nchi isiyo yake anajiunga na orodha ndefu ya watu wenye haki juu ya nyumba hiyo: warithi, majirani, serikali ya nchi, idara ya mambo ya kale, na pengine marehemu aliyeiwekea wakfu kabla babu wa muuzaji hajazaliwa. Orodha hiyo ndiyo ya kuchunguza kwanza, na bei itokane nayo. Lamu inafaa kuwa mfano kwa sababu kila aina ya mwenye haki yupo pale, lakini mambo haya haya yako Unguja, Marrakech, Sicilia na vijijini Uingereza.

Tuanze na warithi, maana hapo ndipo mauzo mengi yanapoharibikia. Nyumba kubwa za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zilijengwa na familia za Kiislamu na zimepita kizazi hadi kizazi kwa sheria ya mirathi. Chukua mzee aliyefariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke anapata thumuni. Kinachosalia kinagawanywa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, hivyo kila mwana ana robo ya nyumba na kila binti ana thumuni. Kifo kimoja, wenyewe sita. Nyumba ya mawe haikatwi vipande, kwa hiyo mara nyingi mirathi huachwa hivyo hivyo, mkubwa akabaki na funguo. Mwana mmoja akifa kabla ya mgao, robo yake inaingia kwa mjane wake, mama yake na watoto wake. Vizazi vitatu vikipita, wenye mafungu wanaweza kufika arobaini: wengine wako Mombasa, wengine Jeddah na Maskati, na mmoja hajulikani aliko. Anayekuja na funguo kumwonyesha mgeni nyumba ni mmoja wao tu. Huenda hana hila yoyote, kwani yeye ndiye aliyelipa ada za kaunti miaka yote na kuziba nyufa za paa, na amezoea kuiita yangu. Lakini anachoweza kuuza ni fungu lake.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kudai si hati ya ardhi. Ni uamuzi wa mahakama unaotaja warithi na mafungu yao. Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake, na wakili wa Lamu au Mombasa anayeijua kazi yake atauliza karatasi hiyo kabla hajauliza bei. Kisha itafutwe idhini ya kila mmoja kwa maandishi, hasa ya mabinti walioolewa mbali, ambao husahauliwa wakati wa kuuza. Kama muuzaji ameoa na nyumba ndiyo makao ya ndoa, sheria ya Kenya inataka na idhini ya mwenzi wake. Tena sheria ya Kiislamu inampa mshirika haki ya shufaa, yaani haki ya kulichukua mwenyewe fungu la mwenzake kwa bei ileile aliyokubaliwa mgeni. Hata ndugu anayenyamaza leo ni mtu wa kuhesabiwa.

Wakfu ni mlango mwingine mgumu. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa msikiti, madrasa au kizazi cha mwenyewe haiuzwi; kinachoweza kutolewa ni matumizi, tena kupitia msimamizi wake. Mji Mkongwe wa Unguja una majumba mengi ya aina hiyo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mengine yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 kutoka kwa familia ambazo baadhi yao zinaikumbuka kila sebule kwa jina la aliyelala humo. Anayekodi au kununua haki katika jumba la namna hiyo anaweza kuwa na karatasi zote halali, na bado akakuta mtu amesimama mlangoni akieleza mama yake alizaliwa chumba kipi. Sheria haimlazimishi kumsikiliza. Busara inamtaka ajue mapema kwamba mtu huyo yupo.

Hapo nasikia pingamizi la kwanza: kuna daftari la serikali, na lililoandikwa humo ndilo la kutegemewa. Ni kweli kwa nyumba iliyosajiliwa vizuri, na ndiyo maana upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi hauepukiki. Lakini daftari la pwani lina historia yake. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani waje wadai mali yao mbele ya afisa wa serikali. Aliyethibitisha alipewa cheti, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakuja. Kwa hiyo pwani kuna ardhi yenye hati isiyotambuliwa na wakazi wake, na kuna ardhi inayotambuliwa na mji mzima isiyo na hati. Morocco, ambako Wazungu walianza kununua nyumba za medina za Marrakech kwa wingi miaka ya 1990, ina hali kama hiyo: baadhi ya nyumba zina karatasi za kienyeji zilizoshuhudiwa na adoul, waandishi wa hati wa Kiislamu, nyingine ziko katika daftari lililoanzishwa 1913. Usajili wa huko hutangazwa hadharani ili mwenye dai ajitokeze, na ukishakamilika hauvunjwi. Mnunuzi makini hununua baada ya tangazo hilo, hata ikibidi kungoja. Pale ambapo sheria haimpi tangazo la namna hiyo, na alitengeneze mwenyewe: gazetini, msikitini, kwa mzee wa mtaa. Dalali atasema hiyo ni kuamsha waliolala. Ndiyo, na ni heri waamke kabla fedha hazijatoka.

Mwenye haki anayefuata ni serikali ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa upangaji wa muda usiozidi miaka 99 tu. Waliokuwa na ardhi ya kudumu siku katiba ilipoanza, tarehe 27 Agosti 2010, haki yao ilirudi kwa Jamhuri nao wakastahili kupewa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Walioshikilia miaka 999 walipunguziwa hivyo hivyo. Hesabu hiyo inaishia 2109. Mtu wa makamo atacheka, kwani hatakuwepo. Lakini nyumba ya kifahari hununuliwa pia ili iuzwe au irithishwe, na atakayeinunua mwaka 2060 atakuwa ananunua miaka 49, tena bila ahadi ya hakika ya kuongezewa. Bei inayotajwa kana kwamba ni ya milele ni bei iliyokosewa tangu mwanzo. Zanzibar inabana zaidi: kwa sheria ya 1992 ardhi yote ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais, na mgeni hupata upangaji tu, au nyumba ndani ya miradi inayokubalika kwa sheria ya kondominiamu ya 2010.

Jambo linalowashangaza watu wetu ni kwamba mgeni huyu wa kisheria si lazima awe Mwitaliano. Mtu wa Tanga anayezungumza Kiswahili kilekile, mwenye shangazi mtaa wa Langoni, ni mgeni Lamu kwa ibara hiyo ya 65. Mzaliwa wa Unguja aliyechukua uraia wa Uingereza au wa Oman anapoteza wa Tanzania, kwa kuwa Tanzania haijakubali uraia pacha, na akirudi kuikomboa nyumba ya ukoo anaweza kujikuta katika foleni ya wawekezaji. Mkenya wa Toronto ana nafuu, kwani katiba hiyohiyo ya 2010 ilimruhusu kushika pasipoti mbili. Anayepanga kununua kwao akiwa ng'ambo aanze na swali la uraia wake kabla ya kuuliza habari za paa.

Wajanja wana jibu: fungua kampuni, au andikisha nyumba kwa jina la raia unayemwamini, mlinzi au mchumba, mkae na mkataba wa siri pembeni. Waandishi wa katiba ya Kenya waliliona hilo. Kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia, na mali ya amana huhesabiwa ya raia ikiwa tu wanufaika wote ni raia. Mkataba unaodai kumpa mgeni zaidi ya hapo unachukuliwa kuwa umempa miaka 99 basi. Kwa hiyo aliyejificha nyuma ya jina la mtu mwingine amemkabidhi mtu huyo nyumba, na siku wakikosana mahakama itamuuliza yeye kwanza kwa nini alitaka kuizunguka katiba. Nisingemwonea huruma sana.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na sakafu zake zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vya asili ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, vikifuatana kutoka daka mpaka ndani. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha zege ya chokaa iliyopondwa. Ni mzigo mzito, na usalama wake wote uko kwenye kichwa cha boriti kilichofichwa ndani ya ukuta. Paa likivuja kidogo tu mvua mbili tatu, kichwa hicho huoza mahali pasipoonekana, na dari huendelea kupendeza mpaka siku inaposhuka. Ukaguzi unaofaa basi ni wa fundi anayepanda na bisibisi, akidunga boriti moja moja pale inapoingia ukutani, na kugonga lipu kusikia palipo na uwazi. Picha za mpiga picha wa dalali hazina habari hiyo.

Adui mkubwa wa kuta hizi ni saruji. Matumbawe yana chumvi na hufyonza unyevu. Chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji ili uonekane mpya huanza kumeguka kutoka ndani, na nondo zilizotumbukizwa humo hupata kutu, huvimba na kulipasua jiwe. Kisha anakuja mwenye nyumba mpya na mahitaji yake: bafu ghorofa ya pili, viyoyozi, tangi la maji juu darini. Lita elfu moja ni tani moja, na sakafu ile ilijengwa kwa watu waliokaa juu ya mikeka. Kuondoa saruji ya mwenye nyumba aliyetangulia na kurudisha chokaa kunaweza kula fedha nyingi kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu kila gunia na kila jiwe linafika kwa mashua na kupanda vichochoroni juu ya mgongo wa punda, na mafundi wa kuchonga lipu ya zidaka si wengi. Boriti nazo zina siasa zao: Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu waliingia katika marufuku hiyo, ingawa mikoko imetapakaa katika visiwa vyao. Anayetaka kuona mwisho wa uzembe na aende Forodhani, Unguja. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 na Sultani Sayyid Barghash, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na mafundi wawili wakafa. Ikiwa jumba linalotazamwa na dunia nzima liliweza kuanguka, jumba lisilotazamwa na mtu lina dhamana gani?

Juu ya fundi yuko mlinzi wa urithi. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaipa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya neno katika kinachobomolewa na kinachojengwa. Sheria hiyo huenda mpaka kwenye vitu: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kilicholindwa. Aliyenunua nyumba hana uhuru wa kuung'oa mlango wake akausafirishe kwenda kupamba nyumba yake nyingine Zürich.

Wanaojibu kwamba sheria hizi hazifuatwi, kwamba kila mtu ana ghorofa ya makuti juu ya dari bila kibali, wanaona nusu. Ni kweli usimamizi umelegea mara nyingi. Lakini ulegevu si haki, na kosa la ujenzi huhamia kwa anayenunua. Uingereza ndiko jambo hili lilikonyooka zaidi: kwa sheria ya 1990 kubadilisha jengo lililoorodheshwa bila idhini ni jinai, na agizo la kulirudisha lilivyokuwa linaweza kumfikia mwenye nyumba wa leo kwa dirisha lililobadilishwa na aliyekuwepo miaka thelathini kabla yake, kwani hakuna ukomo wa muda. Italia nayo ina kitu kinachowashangaza wageni. Nyumba iliyotangazwa kuwa na thamani ya kitamaduni ikiuzwa, kwa kanuni ya 2004 wizara lazima ijulishwe, na serikali ina siku 60 za kuamua kama itainunua yenyewe kwa bei hiyohiyo. Ni shufaa ya serikali, na mpaka siku hizo ziishe mnunuzi hana nyumba. Hata zile nyumba za yuro moja za vijiji vya Sicilia zina orodha yake: mnunuzi huweka dhamana, mara nyingi yuro elfu kadhaa, na kuahidi kuikarabati ndani ya miaka michache, la sivyo dhamana inakwenda. Yuro moja ni kiingilio tu.

Majirani hawana wizara, na kwa maisha ya kila siku ndio wenye nguvu kuliko wote. Nyumba za mawe hushirikiana kuta; nyingine zina wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuegemea nyumba ya pili, kilichojengwa enzi za ndugu waliotaka mabinti wapite bila kushuka barabarani. Ukibomoa upande wako umemgusa mwenzio. Ukiongeza ghorofa ili uone bahari, unaona pia ua wa jirani ambamo wanawake hufua na kupika bila buibui. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi na kibali cha kaunti. Maji ni vivyo hivyo: visima vya mji na vya Shela vinategemea maji matamu yaliyokaa chini ya vilima vya mchanga, na kila bwawa la kuogelea linachota kwenye hazina ileile anayochota mwenye ndoo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka hapa. Bila wageni, husemwa, Shela ingekuwa magofu. Wao ndio waliolipa chokaa, wakafundisha vijana ufundi, wakaajiri wapishi na mabaharia. Sehemu kubwa ya hoja hiyo nakubaliana nayo. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka, na familia zilikuwa na mafungu mengi na fedha chache. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Bei ikipanda mpaka kijana wa mji hawezi kununua chumba, wenyeji husogea pembezoni, na vichochoro hubaki na milango iliyofungwa miezi tisa ya mwaka. UNESCO haikuorodhesha kuta peke yake. Iliorodhesha mji unaoishi, wenye msikiti wa Riyadha na maulidi yake yanayovuta watu kutoka pwani yote. Hata mnunuzi asiyejali haki anapaswa kujali hili kwa faida yake, kwa sababu anacholipia katika bei ile ni mji huo huo anaouondoa.

Mwingine atasema afadhali kununua villa mpya nje ya mji. Itampunguzia warithi na walinzi wa urithi, lakini si ibara ya 65, wala ardhi ya pwani isiyo na hati. Wala haimtoi katika hatari za mahali. Septemba 2011 Waingereza wawili walivamiwa Kiwayu, mume akauawa na mke akatekwa. Wiki tatu hivi baadaye Mfaransa aliyeishi Manda, ng'ambo tu ya Shela, alichukuliwa usiku kutoka kwake. Juni 2014 likafuata shambulio la Mpeketoni, kisha amri ya kutotoka usiku. Katika miaka kama hiyo nyumba haiuziki kwa bei yoyote, na aliyepanga kulipa ukarabati kwa kuikodisha kwa watalii hubaki na mishahara ya walinzi. Upande wa bara, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021; mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulizuiwa na baraza la mazingira Juni 2019 baada ya wakazi kuupinga. Hakuna wakili awezaye kuandika kifungu cha kuzuia bandari. Tena anayetoka hulipa: kodi ya faida ya mtaji Kenya imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, na mnunuzi atakayefuata atadai punguzo kwa kila mwaka uliokatwa katika upangaji.

Ukijumlisha wenyewe wote hawa, ninaona kwamba kwa wageni wengi njia iliyo sawa ni kutonunua kabisa, wakaingia mkataba wa upangaji na familia: miaka ishirini au ishirini na tano, mpangaji akigharamia ukarabati kwa chokaa chini ya ukaguzi wa Makumbusho, kodi ikipunguzwa kwa gharama hizo, na nyumba ikirudi kwa wenyewe ikiwa imesimama. Familia haipotezi mafungu yake, na mgeni halipi bei ya milele kwa kitu chenye mwisho. Udhaifu wake uko wazi. Lazima warithi wote waweke sahihi, kazi ileile ya kuwatafuta arobaini. Na mkataba unaozidi miaka miwili usiposajiliwa, mrithi mmoja akifa, wanawe wanaweza kuuliza ulisainiwa na nani. Gharama ya wakili na ya safari za kwenda Maskati kutafuta sahihi moja italingana na ya kununua. Tofauti ni kwamba safari hiyo ikishindikana, kilichopotea ni nauli.